Vitabu vya Kumliza Mama

Mvua hizi nimesoma riwaya tatu na miongozo miwili ya ushairi, na wenzangu wa rika langu hapa Garsen wanaoazima vitabu kwenye kibanda changu cha ushonaji wananiuliza kipi kizuri. Nawajibu kama ninavyowajibu kuhusu vitambaa: inategemea unakwenda nacho wapi. Riwaya ya kwanza inaanza vizuri sana, familia yenye fujo zake na mama mkwe mwenye ulimi, hata nikacheka peke yangu cherehani imesimama. Halafu mwandishi akashikwa na haraka ya ajabu, akaanza kuua watu. Wanakufa kama kuku wa kideri, na kila mmoja anakufa na hotuba yake mdomoni. Ya pili ni ya mjane. Huyo analia tangu ukurasa wa kwanza. Analia akipika, analia akioga, analia hata akimkuna mtoto mgongo. Niliitupa kitandani nikaenda kuanua nguo. Ya tatu ndiyo niliyoipenda, ijapokuwa mwisho wake umelainishwa ili tuondoke tumeridhika, na mimi sipendi kuridhishwa kwa nguvu.

Miongozo nayo kila mmoja una wazimu wake. Wa kwanza unafundisha ushairi kwa kiboko: mizani hapa, vina pale, kibwagizo kisikose, na ukiteleza umeangamia. Wa pili umeandikwa na mtu mpole mno. Anasema sheria zote ni bure, shairi ni kilio cha moyo, basi fungua kinywa chako ulie. Huo nimeusoma kwa hasira hadi nikajidunga sindano. Mteja wangu mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi aliniambia, "Wewe husomi, wewe wakagua kama polisi wa barabarani." Ana haki. Lakini ukaguzi huu sikujifunza chuoni, kwa kuwa chuo sikufika. Nilijifunza juu ya tuta la barabara, mwaka ambao mto ulitutoa nyumbani.

Vitabu hivi vililetwa na basi kutoka Mombasa, vikanyeshewa njiani, nami nikavianika juani juu ya gunia. Karatasi iliyolowa ikakaushwa na jua ina harufu yake, kitu kati ya matope na ukoko wa ugali wa jana. Nilipofungua cha kwanza, harufu ile ikanipata usoni, nikalazimika kukaa chini. Nilijiona tena nina miaka kumi hivi, nywele zimesukwa kwa kukazwa hadi macho yanavutika, nimeshika kitabu kisichonihusu na roho iko mkononi.

Mafuriko kwetu si kitu cha kushangaza. Sisi Wapokomo wa huku chini huyangoja, maana mto usipopanda hakuna mpunga. Mto hupanda, hulaza matope mapya mashambani, hurudi kitandani kwake, na watu hupanda mbegu. Mwaka ule ulipanda ukakataa kurudi. Maji yaliingia vijijini kutoka pande mbili, yakafika madirishani, na baba akatupakia kwenye mtumbwi: mama, bibi aliyemzaa baba, shangazi Esta ambaye ni dada yake mdogo, na mimi. Akatupeleka hadi kwenye tuta la barabara iendayo Garsen. Huko ndiko kila mtu alikokuwa, sisi, na Waorma na ng'ombe wao waliosalia, na Wagiriama wenye kuku wao kwenye matenga, wote tumejipanga juu ya udongo mkavu kwa mstari mmoja mrefu, chini ya karatasi za nailoni.

Kesho yake asubuhi baba alirudi kijijini kuchukua mbegu ya mpunga aliyokuwa ameipandisha darini. Bibi alimwambia aiache. Baba alisema, "Mwaka bila mbegu ni mwaka wa kuomba, mama," akasukuma mtumbwi kwa ule upondo wake mrefu, akapita katikati ya vichwa vya miti. Alikuwa na mikono mirefu, na hata akiwa mbali ulimtambua kwa jinsi alivyouinua upondo. Sikumwona tena. Mtumbwi ulionekana siku iliyofuata umepinduka, umekwama kwenye mti wa mkoma. Upondo haukuwepo, wala mbegu, wala yeye.

Tangu hapo, kila asubuhi baba mdogo, ndugu yake baba, alishuka majini na wanaume wengine katika mitumbwi yao kumtafuta. Walichoma maji kwa pondo chini ya kila mti na kila paa lililozama. Jioni walipanda tutani, miguu imenyauka kwa kulowa, hawasemi kitu. Sisi watoto tulijifunza kutowauliza.

Na mama hakulia. Hilo ndilo jambo lililonitisha kuliko maji. Nilikuwa nimewahi kuona msiba, nilijua mke wa marehemu hufanya nini. Hutoa sauti moja inayosikika ng'ambo ya mto, akaanguka chini, na wanawake wengine wakamfuata. Mama yangu alichagua mawe kwenye mahindi ya msaada. Alifua. Alinisuka, akanifumua, akanisuka tena. Wakati wote alikaa mlangoni pa hema letu akitazama majini, macho yake makavu kama kokoto. Wanawake walikuja, wakakaa naye mkekani kimya, wakamtazama wakingoja, kisha wakaondoka. Ndiyo maana yule mjane wa riwaya ya pili alinichosha. Anayelia hivyo kila ukurasa, sijui anapata wapi nafasi ya kuwa na majonzi.

Siku moja nikamsikia bibi akizungumza na jirani nyuma ya hema. Bibi alikuwa mtu mkali, na tangu baba apotee ukali wake ulikuwa umegeuka kitu kingine, akawa anatetemeka midomo hata akinyamaza.

"Chozi lisipotoka hurudi ndani," alisema. "Hujaa, hujaa. Siku moja litampasua yule mwanamke, na sisi tuko hapa twatazama."

Niliingia hemani nikamtazama mama. Alikuwa amejilaza kwa ubavu, leso imemtoka kidogo, nami nikaona kwa macho yangu kwamba bibi amesema kweli. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Limekaza na kung'aa kama kiriba. Na siku zilivyopita likazidi, hata akawa anainuka kwa kushika nguzo, anapumua kwa mdomo.

Ninyi mnaosoma mmeshajua. Lakini kwetu mimba haitajwi mbele ya watoto. Mtoto huambiwa siku moja tu kwamba mgeni ameingia. Mimi nilijua jambo moja, kwamba mto umeshamchukua baba, na sasa maji mengine yanajaa ndani ya mama, na yasipotolewa kwa njia ya macho nitabaki na bibi peke yake. Nilikuwa nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza natazama lile tumbo kama wanaume walivyotazama alama ya maji kwenye shina la mti, kuona limepanda kiasi gani. Siku zote lilikuwa limepanda. Hofu ile sijawahi kukutana nayo ndani ya kitabu chochote, na nimevisoma vingi.

Shangazi Esta alikuwa kidato cha nne. Siku ya kukimbia, wenzake walipobeba sufuria, yeye alibeba beseni la vitabu kichwani hadi mtumbwini, na bibi akamtukana njia nzima. Vililowa hata hivyo. Alivianika juu ya nailoni, akaviwekea mawe visipeperuke, navyo vikavimba na kunuka ile harufu. Vilikuwa riwaya tatu za mtihani na mwongozo mmoja wa ushairi. Nilimfuata.

"Shangazi, kitabu gani kinaliza watu?"

"Vyote," akasema. "Ngoja siku ya mtihani, utaona watu wakilia."

"Cha kweli, shangazi."

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni pangu, maana alikuwa mtu wa mizaha na siku ile aliacha mizaha. Akaokota ile riwaya nene, akaipangusa, akanipa. "Mwanamume anafutwa kazi mjini. Darasa zima tulihuzunika. Lakini ukiichana nitakuchana wewe."

Nilikuwa nikijua kusoma vizuri kuliko umri wangu, na nilisoma kwa sauti, nimekaa karibu na magoti ya mama naye anachagua mahindi. Nilimsomea mahali ambapo yule mwanamume ameketi kitandani, kazi hana, kodi imemshinda, analia kama mtoto. Nikainua macho kumtazama mama.

"Hana mikono huyo?" akauliza.

"Anayo."

"Basi na alime."

Nikairudisha kwa Esta, nikachukua ya pili. Humo msichana anakufa hospitali, amemshika mama yake mkono, anamwambia maneno mazuri ya kuaga, ukurasa mzima na nusu. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Anaongea hayo yote na roho inatoka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo hafi. Soma mbele, utamkuta anakula uji."

Nikasoma mbele, alikuwa amezikwa. Mama akatikisa kichwa, akasema aliyeandika hajawahi kumshika mtu anayekufa, kwa kuwa mtu anayekufa huomba maji tu, au hukuuliza kama umefunga mlango. Baada ya hapo kurasa zote zile nzuri zikaonekana kwangu kama nguo iliyoshonwa kwa mshono wa juujuu. Mpaka leo mtu akifa na hotuba kwenye riwaya mimi nafunga kitabu.

Ya tatu ilikuwa ya mapenzi, na katikati kurasa zake zilikuwa zimegandamana kwa maji, haziachani. Mvulana anamwona msichana kisimani. Ghafla, upande wa pili wa bonge lile la karatasi, wana watoto watatu na wamegombana. Hiyo mama aliipenda. "Walioana lini?" akauliza. Nikamwambia sijui, kurasa zimeshikana. Basi tukakaa mchana ule tukitunga yaliyotokea ndani ya zile kurasa, nani alipeleka posa, nani alikataa, mahari ilikuwa nini. Mama aliweka ndani mjomba mlevi aliyevuruga harusi. Kidogo acheke. Nami nilikata tamaa kabisa, kwa sababu kicheko hakikuwa ndicho nilichohitaji, na jioni ile alipoinuka alishika nguzo kwa mikono miwili.

Ukabaki ule mwongozo. Nikaufungua kama mtu anayefungua karatasi ya maelezo ya dawa. Ulisema, kwa maneno nisiyoyasahau, kwamba shairi bora humtoa msomaji machozi. Hilo ndilo lililoandikwa. Na chini yake ukaeleza namna ya kulitengeneza: mizani minane, tena minane, kina cha kati, kina cha mwisho. Niliamini kwamba nikipima sawasawa machozi yatatoka, kama vile ukipima chumvi sawasawa mchuzi unakolea. Nikachukua punje za mahindi, nikazipanga juu ya mkeka, punje moja kwa kila silabi, nikatunga siku nzima. Bibi alinifukuza nikahama na punje zangu. Nilipomaliza nilikwenda kusimama mbele ya mama, mikono nyuma kama tulivyofundishwa shuleni, nikasema:

Baba yangu u majini, hujarudi kwetu leo,
Tu hapa barabarani, twangojea kimbilio,
Mama yuko mkekani, hatoi hata kilio,
Wali u sufuriani, njoo ule hivi leo.

Mizani ilitimia, vina vikatimia. Mama akaacha kuchagua mahindi.

"Wali upi?" akasema. "Si mahindi haya?"

"Mahindi hayakuingia, mama. Yalipita mizani."

"Na nani kakwambia baba yako yu majini?"

Sauti yake ilikuwa imeshuka, na mama akishusha sauti ulikuwa unatafuta njia ya kutokea.

"Nakuuliza. Nani kakwambia? Wamemwona? Wewe umemwona?" Akanishika mkono juu ya kiwiko, akanitikisa. "Hilo shairi lako usilisome tena. Usimsomee mtu. Umesikia?"

Hapo nikalia mimi. Nikalia yote, nikamwambia kwamba nataka alie, kwamba lazima alie, bibi amesema machozi yanamjaa, na mimi naona yanavyojaa, na akipasuka mimi nitakwenda wapi. Nilikuwa nimeshika lile tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayeshika chungu chenye ufa.

Mama alinitazama, kisha akauchukua mkono wangu akausogeza pembeni kidogo, na kitu kikanipiga teke kiganjani.

"Hayo ni machozi?" akaniuliza.

Aliniketisha. Akaniambia kuna mtoto, na kwamba sasa nimekuwa mkubwa kwa kuwa nimeambiwa. Halafu akanionyesha kwa kidevu mitumbwi ya baba mdogo na wenzake kule mbali, vijiti vidogo vinavyopanda na kushuka.

"Unawaona wale? Kila asubuhi kabla ya kushuka wanatazama hapa kwanza. Umewaona wakitazama? Wananitazama macho. Mimi nikilia, wameambiwa. Mke akilia, mtu amekufa, kazi ya kutafuta imekwisha, ni kukaa matangani. Hakuna mwanaume atashuka tena." Akaokota punje ya hindi mkekani, akaitupa ndani ya ungo. "Kwa hivyo mimi silii. Wacha bibi yako aseme."

Mtu aliyeandika ule mwongozo wa pili wa mvua hizi, mpole, anayetuambia tufungue kinywa tulie, ningependa angekuwa pale. Kwake kilio ni cha anayelia. Kwetu kijijini kilio kilikuwa neno linalosemwa mara moja tu, na likishasemwa watu hutenda. Mama alikuwa amelishika neno lile kwa meno, usiku na mchana, na aliyekuwa akijaribu kulinyofoa kinywani mwake ni mimi, na riwaya zangu tatu.

Basi nikageuka mlinzi. Nilirudisha riwaya zote kwa Esta, nikamwambia azifiche. Mama alipotaka kusomewa nilimsomea mwongozo, na tena zile sehemu zisizo na mtu ndani: maana ya mshororo, maana ya ubeti, mazoezi ya mwisho wa sura. Wanawake walipokuja kukaa mkekani nilijipenyeza katikati yao nikaanza kuwauliza maswali ya kijinga mpaka wakaondoka. Nilimchukia kila mtu aliyekuja na uso wa huruma.

Bibi sikuweza kumfukuza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana alikuwa wake. Aliingia siku moja akasimama juu ya mama, fimbo mkononi.

"Mwanangu amelala ndani ya maji hajaliliwa," alisema. "Hata mbwa huliliwa. Wewe unamzuia nini? Unanizuia mimi nini?"

"Mama, wamlete kwanza. Wakimleta nitalia mpaka uniambie basi."

"Ule mto naujua tangu hujazaliwa wewe wala yeye. Haurudishi."

"Maji yanashuka, mama. Tazama miti. Maji yakishuka wataona."

Ni kweli yalikuwa yameanza kushuka. Mashina yalikuwa na mstari wa kahawia, na chini yake unyevu mpya kila siku. Bibi alisimama akitetemeka midomo, kisha akatoka. Wote wawili walikuwa wanamtaka mtu mmoja, na hapakuwa na njia ya kumpa mmoja bila kumnyima mwingine. Sikulielewa hilo wakati ule. Nilimwona bibi adui tu.

Wanaume nao walikuwa wamekonda. Mamba walikuwa wengi, na mwanaume mmoja alinusurika kukatwa mkono. Asubuhi walisimama chini ya tuta, pondo mabegani, wakatazama kwetu, na kila asubuhi walitazama muda mrefu zaidi. Mama alijikokota hadi mlangoni, akainua uso wake mkavu wauone vizuri. Wakashuka. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kugeuka.

Uchungu ulimshika mama mchana, jua likiwa kali na nailoni inanuka. Esta alikimbia kumwita mkunga, mwanamke wa Kiorma aliyekuwa hema la jirani, mrefu, mwenye sauti ya pole. Bibi akachemsha maji. Mimi nikatolewa nje. Na siku hiyo, kwa kuwa maji yalikuwa yameshuka na kuonyesha mapaa ya kijiji cha karibu, mitumbwi haikuwa mbali kama siku zote. Ilikuwa hapa chini tu. Nilimwona baba mdogo amepiga magoti, mkono mzima umeingia kwenye dirisha la nyumba iliyozama, anapapasa.

Ndani mkunga alisema, "Lia, mama. Lia, usibane. Ukilia itafunguka."

Sikusikia jibu. Nilisikia kitambaa kikitafunwa. Mama alikuwa amejijaza leso mdomoni.

"We mwanamke, hapa hakuna wa kukucheka! Lia!"

Halafu sauti ya mama, inapita kwenye leso, ikiniita. Nikasogea hadi kwenye nailoni.

"Soma," akasema.

"Nisome nini?"

"Kile kibaya."

Nikaketi nje, mgongo umeegemea nguzo, nikafungua mwongozo kwenye magoti. Nilisoma kwamba mshororo ni mstari mmoja wa shairi. Nilisoma kwamba ubeti wenye mishororo minne huitwa tarbia. Upande wa pili wa ile nailoni nyembamba niliona kivuli cha kiganja cha mama kikiishika, kinaivuta, kinaiachia. Mkunga alikuwa akinung'unika kwa Kiorma. Nilisoma mazoezi, swali la kwanza, swali la pili, taja, fafanua, toa mifano, nikapaza sauti kadiri nilivyoweza, kwa sababu nilifikiri sauti yangu ikiwa kubwa itafunika yake. Jasho lilidondoka kwenye kurasa. Nikamaliza sura nikaanza nyingine, sijui hata nilikuwa nasoma nini, nilikuwa nasukuma maneno tu kama mtu anayesukuma mlango wasiingie.

Ikatoka. Moja tu. Ndefu, ya juu, ikapita kwenye leso na kwenye nailoni na juu ya sauti yangu, ikaenda mpaka majini na mapaa yakairudisha.

Pondo zilisimama. Wote niliwaona, wamesimama kama waliopigwa picha. Kisha mmoja akavua kofia. Baba mdogo akautoa mkono wake taratibu kwenye lile dirisha.

Nikatupa kitabu nikashuka tuta nikianguka na kuinuka. "Si kilio!" nilipiga kelele. "Baba mdogo, si kilio! Anazaa! Ni mtoto! Rudini, ni mtoto!" Niliingia majini hadi kiunoni. Nyuma yangu wanawake wa mahema ya mbali, ambao hawakuwa wamejua habari za uchungu, walikuwa tayari wameanza kuitikia, hema hadi hema, mstari mzima wa tuta unalia. Mitumbwi ilikuwa inageuka.

Baba mdogo alifika kwangu wa kwanza. Aliweka upondo chini, akaninyanyua akaniweka ndani ya mtumbwi.

"Ni mtoto," nilimwambia. "Mama hajalia. Ni mtoto anazaliwa."

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi rudini mkamtafute."

Aliwatazama wale wengine. Mmoja alikuwa ameinamia magoti yake, mabega yanaruka. Mwingine alikuwa ameshateremka na kuuvuta mtumbwi wake nchi kavu, akaugeuza juu chini kama unavyogeuzwa kazi ikiisha. Walikuwa na watoto wao kwenye lile tuta, na mashamba ya kuangalia, na walikuwa wamechoka mno. Waliambiwa na sauti waliyokuwa wakiingoja, na hakuna aliyetaka kuambiwa vingine. Hata yeye baba mdogo, nilipomtazama usoni, nililiona hilo, na machozi yakimtiririka.

"Kilio hakirudishwi kinywani," alisema.

Nilipopanda, mtoto alikuwa ameshatoka. Msichana. Mkunga alimfuta akampa mama, na mama alikuwa amekaa ameegemea nguzo, leso iliyotafunwa iko mapajani, hajamtazama mtoto bado. Ananitazama mimi, nilivyolowa. Nje pondo zilikuwa zinawekwa chini, moja juu ya nyingine, na mti ukigonga mti unajulikana.

"Wamepanda?" akaniuliza.

"Wamepanda, mama."

"Wote?"

Bibi alikuwa mlangoni. Nilitamani aseme yeye, lakini alikuwa amejifunika uso.

"Wote," nikasema.

Mama akafungua kinywa, na safari hii hakukiziba kwa kitu. Nilimpokea mtoto upesi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imelegea.